Gari Linapoinamisha Pua

Land Cruiser ya mwaka 1978 haiinami mbele kwa siku moja. Huanza kidogo kidogo, mara nyingi upande mmoja, na mwenyewe haoni kwa sababu anaitazama kila asubuhi. Anayeona ni mpita njia. Anauliza sokoni, “Papa, mbona gari yako inasujudu?” Watu wanacheka, na kesho yake gari liko kwa fundi wa springi. Fundi hashiki futi, halali chini ya gari, hata matairi hayatazami. Anasema tuongeze jani. Jani la chuma kutoka gari lolote lililokufa linachomekwa kati ya mengine, pua inanyanyuka, pesa inatolewa, na kila mtu anaridhika mpaka korongo la kwanza barabarani.

Nawaandikia wenye magari hayo kabla hawajakubali hilo jani. Kuinua pua ni kazi ya jeki. Springi kazi yake ni kubeba na kucheza, na ikibeba bila kucheza, kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye chesisi. Chesisi yenye umri wa zaidi ya miaka 40 haina akiba ya kupokea mapigo hayo. Kwa hiyo swali la kuuliza si gari limeshuka kiasi gani, ni kwa nini limeshuka, na mara nyingi kuliko tunavyodhani springi ndiyo ya mwisho kushtakiwa.

Wanaosafiri barabara ya taifa namba 5 ya Kongo kutoka Kalemie kwenda Bendera, zaidi ya kilomita 100, na wengine wanaoendelea mpaka Fizi, hawana haja ya kuelezwa kazi inayofanywa na springi za mbele. Wakati wa mvua gurudumu linaingia kwenye mfereji uliochimbwa na malori, linatoka, linaingia tena, na kila mara uzito wote wa injini unaangukia upande mmoja. Nchi nyingine gari la zamani ni pambo. Tangu 2003 kuna matajiri wanaosafirisha magari yao ya kale kuja kuyakimbiza Kenya na Tanzania katika East African Safari Classic, wakiwa na mafundi wao nyuma na springi za akiba zimejaa kwenye magari ya msaada. Huku kwetu gari la zamani linabeba mihogo, mahindi, wagonjwa na harusi, na springi ya akiba iko ng’ambo ya Ziwa Tanganyika.

Ninayoyasema yanahusu hasa magari mawili. La kwanza ni Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, pamoja na ndugu zao wa mfululizo wa 70 waliobaki na springi za majani mbele mpaka Toyota ilipoweka za koili mwaka 1999. La pili ni Land Rover za Series, zile zilizoanza 1948 na kumalizika 1985. Mwenye Peugeot nitamfikia baadaye.

Anza kwa kupima, na usipime barabarani. Tafuta sakafu ya saruji: kituo cha mafuta, ghala, ua wa parokia. Kama huamini kwamba sakafu imenyooka, chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaoutumia mafundi wa nyumba kusawazisha msingi, na ulinganishe mahali matairi manne yatakaposimama. Dakika kumi za kazi hiyo zimewaokoa watu kununua springi wasizohitaji. Shusha mzigo wote. Jaza matairi upepo sawasawa, maana tairi lenye upepo pungufu linaweza kushusha kona ya gari kwa sentimita mbili bila springi kuwa na kosa. Tikisa bampa mara kadhaa, sukuma gari mbele na nyuma kidogo, kisha liache litulie lenyewe.

Sasa pima kutoka katikati ya habu ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Kipimo hiki hakidanganywi na tairi. Kinaweza kudanganywa na madigadi yenyewe, kwa sababu gari lililopinduka mwaka 1991 likanyooshwa kwa nyundo halina madigadi mawili yanayolingana. Basi pima pia kutoka juu ya ekseli mpaka kwenye chesisi, pale penye mpira wa kugongea. Andika namba zote za kona nne kwenye karatasi. Tofauti ya sentimita moja kati ya kulia na kushoto isikunyime usingizi. Ikiwa tatu au nne, kuna jambo.

Hata hivyo kona iliyoshuka si lazima iwe kona inayougua. Springi ya nyuma kushoto ikilegea, gari zima linaegemea huko, na ukisimama mbele unaona taa ya kushoto iko chini. Kuna njia ya kuliuliza gari lenyewe. Weka jeki nyuma, katikati kabisa chini ya ekseli, nyanyua mpaka magurudumu ya nyuma yaache sakafu kidogo tu. Ekseli ya nyuma sasa imekaa juu ya nukta moja, haiwezi tena kuegemeza gari upande wowote. Kama mbele bado kumeinama upande uleule, kosa liko mbele. Kama gari limesimama sawa, nenda kashughulikie springi za nyuma na uziache za mbele kwa amani.

Kabla ya kufanya hivyo, weka kabari ngumu mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Breki ya mkono ya Land Rover za Series, na ya Land Cruiser nyingi za 40, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Haishiki magurudumu. Ukinyanyua gurudumu la nyuma, hata moja tu, breki hiyo haina tena cha kushikilia na gari linaondoka na jeki yako. Ardhi ya Bendera ni laini wakati wa mvua: chini ya jeki pawe na ubao mnene na mpana. Na usiingie chini ya gari linalobebwa na jeki peke yake. Magogo mawili ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa yanatosha kama huna stendi. Tofali la kuchoma halitoshi, linapasuka bila kutoa onyo.

Baada ya kupima, hesabu uzito. Gari lilipotoka kiwandani springi zake za mbele zilipangwa kwa injini ile, bampa ile na betri moja. Tazama sasa. Ngao ya mbele imetengenezwa kwa bomba la maji la inchi tatu. Gurudumu la akiba liko juu ya boneti. Betri ni mbili. Injini ya petroli ya Land Rover ilikufa zamani, mahali pake ipo dizeli ya Nissan au ya Toyota iliyo nzito zaidi, na springi ni zilezile za petroli. Land Rover yenyewe ilikuwa na springi nene zaidi kwa magari yake ya dizeli. Gari la namna hiyo halina springi zilizochoka, lina springi zisizo zake, na ukizikunja upya mara saba zitarudi chini mara saba. Ondoa ngao ya bomba kwanza. Najua inapendeza, lakini ng’ombe wa kugonga barabara ile ni wachache kuliko mashimo.

Mtuhumiwa mwingine anayeonewa ni shokapu. Watu hununua shokapu mpya mbili wakitumaini gari litanyanyuka, na linabaki palepale. Shokapu ya mafuta haibebi gari. Inatuliza tu mrukoruko. Iliyokufa utaijua kwa gari linaloendelea kunesa baada ya shimo, na kwa mafuta yaliyochuruzika kwenye mwili wake yakashika vumbi. Ibadilishe kwa sababu hiyo, usiibadilishe kwa sababu ya pua.

Halafu lala chini ya gari na tochi na brashi ya waya. Kila springi ya mbele ina ncha mbili: moja imefungwa palepale kwa pini, nyingine inaning’inia kwenye shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoiruhusu springi kurefuka inapobonyea. Kwenye Land Rover shakeli za mbele ziko nyuma ya springi, kwenye Land Cruiser za 40 ziko mbele kabisa, karibu na bampa. Kumbuka tofauti hii, nitairudia. Tazama kama bushi zimeliwa kiasi kwamba pini imehama katikati ya tundu lake. Tazama kama shakeli inacheza au imeganda kwa kutu. Shakeli iliyoganda inaweza kuifunga springi katika hali ya kubonyea, nawe ukadhani chuma kimechoka. Chokonoa kwa bisibisi mahali springi inaposhikwa na chesisi. Kwenye Land Rover zile pembe mbili za mbele huoza kwa ndani huku rangi ya nje ikimeta. Bisibisi ikizama, usiguse springi mpaka chuma hicho kirekebishwe.

Mwisho sugua majani yenyewe, moja moja, hasa karibu na yubolti. Jani la ndani hukatika pale linapotoka chini ya bamba, na kwa kuwa limebanwa na mengine juu na chini, ufa wake hauonekani kwa haraka. Tope lililokauka linauficha kabisa. Senta bolti nayo, ile inayopita katikati ya majani yote na kichwa chake kukaa kwenye tundu la ekseli, ikikatika ekseli huteleza nyuma upande mmoja na gari linatembea kimshazari. Pima kutoka habu ya mbele mpaka habu ya nyuma, kulia na kushoto. Vipimo viwili visipolingana, umeipata.

Tuseme yote yamepimwa na springi kweli zimechoka. Zifungue zote mbili, hata kama ni moja iliyoshuka. Springi mpya upande mmoja na ya mwaka 1978 upande wa pili zitakupa gari linalovuta unapokanyaga breki. Nyanyua gari, weka stendi au magogo chini ya chesisi nyuma ya springi, acha ekseli ining’inie kidogo huku jeki ikiwa chini yake. Yubolti usizihurumie: kata kwa msumeno. Zimekwisha kurefuka, uzi wake umeliwa, na hazipaswi kurudi. Wala usikubali za kuchongewa kutoka kwenye nondo ya ujenzi. Nondo ni chuma laini, itarefuka safari ya kwanza.

Kazi inayowatoa watu jasho ni bushi, hasa za Land Rover. Bushi yake ni ganda la chuma nje, mpira katikati, bomba dogo la chuma ndani, vyote vimeshikana. Ganda la nje limekaa kwenye chesisi tangu zamani na kutu imeligandisha hapo, kiasi kwamba ukipiga nyundo unapinda chesisi kabla ganda halijasogea. Wengi huchoma mpira kwa moto. Moto unafanya kazi, lakini bomba la breki na la mafuta yako umbali wa mkono, na moshi wa mpira ule si wa kuvuta. Afadhali toboa mpira kwa drili, tundu baada ya tundu kuzunguka bomba la kati, mpaka bomba litoke na mabaki ya mpira yang’olewe kwa koleo. Sasa fungua wembe wa msumeno wa chuma, upitishe ndani ya tundu, uufunge tena kwenye fremu yake, na ukate ganda kwa ndani, taratibu, mstari mmoja. Ganda ni jembamba. Kila baada ya misuko michache simama, futa unga, tazama kwa tochi: ukiona mstari mwembamba wa kutu nyekundu chini ya meno ya msumeno umefika mpakani, ukiendelea unakata gari lako. Kisha chukua patasi nyembamba, igonge pembeni ya mkato, ganda litajikunja kuelekea ndani lenyewe na kutoka kwa vidole. Safisha tundu kwa msasa, paka grisi kidogo, na bushi mpya itaingia kwa boliti ndefu na nati bila nyundo yoyote.

Springi ikiwa mezani, usifungue senta bolti kabla ya kubana majani kwa kibano kirefu au vaisi. Majani yamelala yakisukumana, yakiachiwa ghafla yanaruka. Yalegeze pole pole, yatenganishe, sugua kutu yote, kisha laza kila jani kwa ubavu kwenye sakafu na ulichore kwa chaki. Chora la kushoto, juu yake chora la kulia. Michoro hiyo itakuambia nani kalegea na kiasi gani. Utaona pia kwamba majani mafupi yamekunjwa zaidi kuliko marefu. Ndivyo yalivyopangwa: kila jani fupi linamsukuma mwenzake wa juu, ili yakifungwa pamoja yagawane mzigo kwa urefu wake wote.

Hapo ndipo ubaya wa jani la kuongeza unapoonekana. Jani la gari jingine lina mkunjo wake, unene wake na urefu wake. Likichomekwa, linagusa jani la juu kwa ncha mbili tu, na mzigo wote unapita hapo. Pua inanyanyuka kweli, kwa sababu umeweka chuma kigumu. Baada ya muda jani kuu, lile lenye masikio, linakatika palepale ncha ya mgeni ilipokuwa ikilitafuna. Jani kuu la springi ya mbele likikatika, ekseli haina tena kinachoiongoza, na usukani unabaki mikononi mwako bila kazi.

Una njia mbili zilizo halali. Ya kwanza ni kununua springi mpya au zilizotumika zilizo nzima. Ya pili ni kuzikunja upya zilezile.

Anayenunua aandike vipimo kabla hajamtuma mtu Kigoma, Dar es Salaam au Lubumbashi. Jina la gari halitoshi. Andika upana wa jani: Land Rover za Series ni milimita 63.5, Land Cruiser za 40 ni 70. Springi nyembamba itaingia kwenye Toyota bila ubishi, kisha itacheza pembeni kila kona. Andika urefu kutoka katikati ya sikio mpaka katikati ya sikio, futi ikifuata mkunjo. Andika umbali kutoka senta bolti kwenda kila sikio, maana nusu mbili si lazima zilingane. Andika idadi ya majani na unene wake. Kwa Land Rover kuna la ziada: kiwanda kilitengeneza springi ya upande wa dereva yenye mkunjo mkubwa zaidi kuliko ya abiria, ili kufidia uzito wa upande huo. Gari lililovuka kutoka Tanzania au Zambia lina usukani kulia, na springi yenye mkunjo mkubwa iko kulia. Ukiagiza kwa mtu aliyezoea magari ya usukani wa kushoto bila kumwambia, gari litakuja kuinama vilevile, safari hii likiwa na springi mpya.

Na kukunja upya? Kunafaa, kukifanywa baridi. Laza jani, upande ulioingia ndani ukitazama juu, kwenye vyuma viwili vilivyoachana kiasi cha kiganja, lipige kwa nyundo nzito katikati ya nafasi hiyo, lisogeze upana wa vidole viwili, piga tena. Anzia karibu na katikati, nenda kwenye ncha, rudia upande wa pili. Usipige kwenye tundu la senta bolti wala karibu na masikio. Kila mara rudisha jani kwenye mchoro wa chaki. Presi ya haidroliki ni bora kuliko nyundo, kwa mwenye kuipata. Lenga juu kidogo ya unachotaka, kwa sababu litalala tena sentimita moja au mbili likianza kubeba. Kwa maoni yangu hii ni dawa ya msimu mmoja au miwili, na kwa mtu anayengoja springi kutoka mbali ni dawa nzuri.

Kukunja kwa moto ni habari nyingine. Chuma cha springi kinapata nguvu yake kwa kupashwa moto wa karibu nyuzi 850, kuzamishwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi, kati ya nyuzi 450 na 500, ili kisiwe kama kioo. Kiwanda kina tanuru na vipimo. Mhunzi mwenye mkaa na kiriba ana macho yake tu. Akikipasha mpaka kiwe chekundu, akakikunja vizuri na kukiacha kipoe chini ya mwembe, amekirudisha kuwa chuma laini: kitapendeza wiki moja na kulala ya pili. Akikitia kwenye maji, kitakatika. Wahunzi wetu wanakijua chuma hiki, wanakifanya mapanga na majembe tangu magari yalipoanza kufa nchi hii, na panga lao ni zuri. Lakini panga halibebi injini.

Kuchomelea ndiko kunakonitisha zaidi. Kituo cha umeme cha Bendera kwenye mto Kyimbi ndicho kinachozilisha mashine za kuchomelea za Kalemie. Umeme ukiwepo, mashine iko karibu, na jani lililokatika linachomelewa kwa bei ya soda chache. Mshono wenyewe hauna neno. Kinachoharibika ni chuma cha pembeni yake, kidole kimoja kila upande, ambacho kimepashwa na kupoa ovyo na sasa ni kigumu na chepesi kuvunjika. Ndiyo maana jani lililochomelewa hukatika kando ya mshono, na fundi anakuonyesha mshono wake uliobaki mzima kama ushahidi kwamba hakukosea. Jani likikatika, linatupwa au linapelekwa kwa mhunzi. Hata chesisi ukiichomelea, funika springi kwa gunia la maji, cheche zisilirukie jani.

Kuna njia ya mkato nyingine inayopendwa na vijana: shakeli ndefu. Inanyanyua pua bila kugusa springi, ndiyo, ila inaigeuza ekseli. Kwa Land Cruiser, ambayo shakeli zake ziko mbele, kurefusha kunashusha ncha ya mbele ya springi, na sehemu ya juu ya ekseli inaelekea mbele. Magurudumu yanapoteza ule mwegemeo wa kurudi nyuma unaofanya usukani ujinyooshe wenyewe baada ya kona. Toyota iliweka kidogo tu, takriban digrii moja, kwa hiyo hakuna akiba ya kupoteza, na gari linaanza kutangatanga barabarani. Kwa Land Rover, ambayo shakeli ziko nyuma, mambo yanakwenda kinyume: usukani unakuwa mzito na pua ya difu inainama chini, joinzi za propela zikifanya kazi kwa pembe mbaya. Wapo wanaorekebisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Ni kurekebisha kosa ulilolinunua mwenyewe.  

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mambo machache. Paka majani grisi yenye grafiti kabla ya kuyakusanya. Usimwagie oili chafu ya injini kama wengi wanavyofanya, inaua mpira wa bushi na kukamata mchanga. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama kwenye tundu lake la ekseli kabla ya kukaza chochote. Kaza nati za yubolti kwa mshazari, kidogo kidogo, zote nne zikienda pamoja. Na pini za bushi za mpira zikaze mkono tu wakati gari liko juu. Lishushe, litikise, lisogeze mbele na nyuma, kisha zikaze kabisa likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi iliyokazwa gurudumu likining’inia inakaa imejinyonga muda wote, inapasuka mapema, na wakati ikiwa nzima inalishikilia gari juu isivyo kweli, ukapima ukafurahi bure.

Mwenye Peugeot 404 au 504 ana springi za koili mbele, na ushauri wangu kwake ni mfupi. Hayo ni magari imara, 404 ilishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966, kwa hiyo barabara mbaya si ngeni kwao. Lakini koili iliyobanwa kuzunguka shokapu yake ina nguvu ya kuua. Haifunguliwi kwa kamba, waya wala kwa kijana kuikalia. Kama fundi hana vibano viwili vya skrubu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, peleka gari kwa mwenye navyo. Na koili iliyochoka haikunjwi upya, hubadilishwa.

Baada ya safari ya kwanza, iwe ni Bendera au ni Kabimba tu, kaza yubolti tena, maana majani yamejipanga na zimelegea. Kaza tena baada ya wiki. Pima upya kona nne na uandike namba karibu na zile za mwanzo. Tazama mipira ya breki ya mbele: gari likirudi juu, mpira uliokuwa umelegea sasa unaweza kuvutika gurudumu linapodondoka shimoni. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, ukiwa umenyanyua chesisi, na uone kama mipira hiyo inabaki na nafasi.

Halafu taa. Gari lililokuwa limeinama kwa miaka mingi lilikwisha kurekebishiwa taa zake ziangalie juu, na sasa pua imerudi, zitamulika matawi ya miembe na macho ya madereva wa malori. Simamisha gari mita saba au nane kutoka ukutani jioni, chora kwa chaki mstari wa urefu wa taa kutoka ardhini, na uzishushe kwa skrubu zake mpaka mwanga wa chini ukatike kidogo chini ya mstari. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo wake wa kawaida nyuma, kwa sababu magunia kumi ya mihogo yatainua pua tena.